Sifuri ya Profesa Asiyekuwepo

Masharti yote ya kusomea shahada ya uzamivu ya takwimu za afya niliyatimiza: uzamili, hesabu ngumu, barua tatu za walimu walionisifu hadi nikaona haya. Kwenye usaili maprofesa wanne walinipa themanini kila mmoja. Wa tano hakutokea.

Barua ikaja: nimepata wastani wa sitini na nne, nao wanataka sabini.

Nikamvaa karani wa idara. "Mama, ambaye hakuja mmemhesabia sifuri?"

"Kisanduku chake kilikuwa kitupu, mwanangu. Ulitaka tuandike nini?"

"Hongereni, mabingwa wa hesabu! Sasa mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko semina. Anawafundisha wenzake cha kufanya takwimu zisipokamilika."