Sahani ya Iliasi

Iliasi alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwa na sahani yake mwenyewe. Mtaani kwao Kasongo, wanaume walikula kwenye sinia moja barazani kwa Kassimu, kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Tangu mkewe Mwamvita afariki, saa ile tu ndiyo aliyosikia watu wakizungumza naye.

Kisha mama Léocadie, muuguzi wa lishe kwenye kituo cha afya, akamtoboa kidole asubuhi moja kabla hajala. Sukari ya damu ikasoma mia moja na kumi na nane, juu ya mia inayotakiwa. Akamwambia bado hajaugua.

"Ugonjwa iko mulangoni, baba. Usipofungua, inaweza kurudi."

Akamchorea duara kwenye karatasi: nusu mboga, robo bugali, robo maharagwe au samaki. Mawese kidogo, chai bila sukari.

Duara lile halikuingia kwenye sinia. Iliasi alijaribu siku nne. Akipunguza kula, wenzake walimsukumia wali upande wake kwa heshima, na kipande cha nyama juu, na kukirudisha ni aibu. Siku ya tano akanunua sahani ya bati, akapika mboga ya lengalenga na maharagwe, akala chumbani.

Hakueleza sababu, na hapo ndipo alipokosea. Kwao, anayejitenga na sinia bila neno amekwisha kusema: naogopa mtaniwekea sumu. Alilijua hilo. Ila aliona haya kutamka kwamba sukari iliyomkata mguu kaka yake Moustapha, ikamzika, sasa inamnyemelea yeye.

Salamu zikawa fupi. Kufikia mwezi wa pili hakuna aliyepiga hodi kwake. Alisikia vicheko vya barazani huku akitafuna mboga zake kama mbuzi. Mara mbili aliinuka aende. Mara mbili akakumbuka jinsi kisigino cha Moustapha kilivyonuka, akaketi.

Baada ya miezi mitatu kipimo kikasoma tisini na sita. Mama Léocadie akampigia makofi. Iliasi hakuwa na wa kumwambia, basi akaenda barazani. Aliwakuta wakila. Akasema yote akiwa amesimama, mpaka habari ya Moustapha.

Asani, fundi baiskeli, akalamba vidole. "Kumbe. Sisi tulizani umeona wachawi hapa."

Wakacheka, ila hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Akaaga. Kassimu, ambaye hakucheka, akamfuata mpaka njiani, mkono bado una wali.

"Iliasi, mimi nakunywa maji ndoo nzima na kiu haiishi. Ile kipimo, inauma?"

"Haiumi."

"Na kula peke yako?"

"Hiyo inauma. Kesho asubuhi usile kitu, nitakupitia."

Kassimu akarudi kwa wenzake. Iliasi akaenda kuwasha moto wake.