Siku Mama Keza Alipokimbia Paris

Mke wangu Pudentienne hakuanza kukimbia kwa ajili ya michezo. Oktoba 1990, vita vilipoanza kule kaskazini, magari ya abiria yalipungua na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Yeye alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya misaada pale Kimihurura, kilomita saba kutoka kwetu Kabeza. Akirudi kwa kutembea, giza lilimkuta njiani. Basi akavua viatu vya ofisi, akavitia mkobani, akakimbia. Majirani walimcheka kama wiki mbili, kisha wakazoea. Wengine walimfanya saa yao: Mama Keza amepita, basi ni saa kumi na mbili kasorobo, funga kuku.

Mkubwa wake kazini, mama wa Kifaransa aliyependa sana kukimbia, alimwona akiingia getini asubuhi moja na jasho lake, maana siku hizo alikimbia hata kwenda kazini. Tangu siku hiyo wakawa wanakimbia pamoja kila Jumapili. Mwanzoni mwa 1993 rafiki wa yule mama, ambaye walikuwa wamejiandikisha pamoja kwa marathoni ya Paris, alivunjika mguu. Nafasi ikabaki wazi. Yule mama akampa Pudentienne, na tiketi ya ndege juu yake.

Niliogopa, lakini si kwamba angeshindwa. Februari ile vita vilikuwa vimesogea karibu na mji, na watu waliopata viza walikuwa hawarudi. Binamu yake Générose alikuwa akiishi Paris mwaka wa sita, na barua zake zote zilisema kitanda kipo. Siku ya safari, pale uwanja wa ndege wa Kanombe, nilimwambia mke wangu, "Ukiona huko kuna amani, baki. Mimi na mtoto tutakufuata tukipata njia."

Aliitengeneza kola ya gauni la Keza, binti yetu wa miaka sita, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Mbio zilikuwa Jumapili ya mwisho ya Aprili, saa tatu asubuhi. Mwezi ule saa za Paris na saa zetu zilikuwa zile zile, na jambo hilo lilinisumbua sana, maana ningejua kila dakika yuko wapi. Alikuwa ameahidi kupiga simu dukani kwa Usumani, rafiki yangu, mwenye simu pekee mtaani kwetu. Nilikaa kwenye benchi lake tangu saa mbili. Ilipotimia saa tatu nikashindwa kukaa. Nikamwachia Keza, nikapanda baiskeli. Kabeza hadi Kimihurura kwenda na kurudi ni kilomita kumi na nne. Mara tatu ni arobaini na mbili, urefu wa marathoni.

Njiani, kabla ya kufika mtaa wa Gisimenti, kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Kijana mmoja mrefu alichukua kitambulisho changu, akakisoma muda mrefu kuliko kilivyokuwa na maneno, akauliza ninakwenda wapi.

"Namsindikiza mke wangu, afande."

Akatazama barabara nyuma yangu. "Bibi yako iko wapi?"

"Paris. Anakimbia."

Alidhani namdhihaki. Aliniketisha kando ya barabara karibu robo saa, nikamweleza habari yote tangu viatu vya ofisi mpaka mguu uliovunjika, na watu waliotoka kanisani wakipita na kunitazama kama mwizi. Mwisho akanirudishia kitambulisho, nikapanda baiskeli. Mzunguko wa pili niliufikia ule mti walioulaza barabarani nikiwa nimeshatoa kitambulisho. Aliuinua kabla sijasimama.

"Bibi yako sasa imefika wapi?"

"Nusu, afande. Kama hajaanguka."

"Hajaanguka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemwona.

Mzunguko wa tatu mvua ilininyeshea na mlima wa Kimihurura niliupanda nikisukuma baiskeli. Niliporudi dukani saa saba ilikuwa imepita. Nusu ya mtaa ilikuwa imejaa pale, na Usumani alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa simu.

Ililia saa nane na nusu.

"Baba Keza, nimemaliza," akasema. Alikuwa ametumia saa nne na dakika kumi na nane. Miguu, alisema, haikuwa yake tena. Nikamkumbusha kitanda cha Générose.

"Générose nimeshamwambia," akasema. "Ndege ni Alhamisi. Njoo na Keza mnipokee."

Alishuka kwenye ndege akichechemea, amevaa ndala, medali ameifunga ndani ya soksi. Mwezi mzima wa Mei, kila jioni, tulikaa mbele ya duka la Usumani naye akatusimulia kilomita moja baada ya nyingine: mto, msitu ulio ndani ya mji, na mzee mmoja asiyemjua aliyempa kipande cha chungwa na kumwita "binti yangu." Usumani alikuwa akimrudisha nyuma. "Ngoja, shemeji, hapo kwenye chungwa umeparuka." Tulicheka sana mwezi ule. Jioni hizo ndizo ninazozikumbuka hadi leo, kuliko Krismasi yoyote, kuliko hata siku ya harusi yetu.

Aprili iliyofuata, mauaji ya kimbari yalipoanza, Usumani alituficha sisi watatu katika stoo yake, nyuma ya magunia ya maharage. Sisi tulitoka hai. Yeye wauaji walimuua mlangoni mwake. Mahali pa duka sasa pana ghorofa, na medali ilipotea pamoja na nyumba.

Pudentienne hakukimbia tena. Magoti yanamsumbua. Miaka mingi baadaye, nyuma ya nyumba yetu mpya, nilimuuliza mara moja tu kama anajuta kwamba alirudi. Alikuwa akichambua mchicha. Akafikiri, akasema kuna siku anajuta na kuna siku hajuti, na kwamba siku anazojuta huwa haniambii.