Miguu Yenye Kibandiko

Usiku wa jana niliota nimejitolea kugawa maji kwenye matembezi ya hisani, yale ya kuelimisha watu kuhusu kifafa cha mimba. Fulana zetu zimeandikwa: TEMBEA KWA NIABA YA MAMA. Kumbe ni amri kweli. Kabla ya kuanza, kila mtu anavua miguu yake, anaiacha mezani kwangu kati ya chupa, kisha anakwenda kupewa ya mama mmoja.

Lakini hatuondoki. Tunamsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni kiti kilichovikwa kitambaa cheupe. Kimefika tangu saa moja, ila kinasema hakiwezi kuzindua kitu kabla mtu hajakikalia. Nyuma yetu wajawazito wamepanga foleni na uchungu wao. Nao wameambiwa wasubiri.

Nikasema mimi sisubiri. Nilishasubiri mwaka tisini na saba, siku ya Jumanne, kwenye zahanati yenye kipimo kimoja cha presha. Kipimo kabatini, ufunguo kwa mkubwa, mkubwa semina. Mdogo wangu Sikudhani akaanguka kutoka kwenye benchi, akatetemeka. Walimwokoa mtoto tu.

Napiga hatua moja, uwanja umekuwa korido ya zahanati ileile. Anayegawa miguu ni kile kipimo. Kimezeeka, mpira wake umepasuka.

"Ulikuwa wapi siku ile?" nikakiuliza.

"Kabatini. Nilikusikia ukigonga." Kikapumua kidogo. "Na wewe, miguu yake ilipovimba, ulisemaje?"

Nakumbuka kila kitu, na kila mkutano nakisema. Hilo tu huwa silisemi. Nilimtania kuwa ndoa imemkubali, ananawiri mpaka viatu vinamkataa. Tulicheka wote wawili.

Kipimo hakicheki. Kinanivalisha miguu mizito kama ndoo zilizojaa, kinaniambia nibonyeze juu ya kifundo. Kama ni unene, nyama itarudi. Kama ni maji, shimo litabaki.

Nabonyeza kwa gumba. Nahesabu mpaka kumi. Shimo limebaki.

"Hii ni ya Sikudhani," nikasema.

"Soma kibandiko, mama. Ya marehemu hatuigawi, imeshapumzika."

Nikasoma: Mwanahawa.

Mwanahawa ndiye mtoto aliyetoka siku ile. Nimemlea mimi. Ana mimba ya miezi minane, amekuja kujifungulia kwangu, na Jumapili nilimwambia mbele ya majirani kwamba amenawiri.

Nikaamka. Kumekucha. Mwanahawa amelala kitanda cha pili, mguu mmoja nje ya neti. Juu ya kifundo chake pana shimo, la upana wa gumba langu. Nikahesabu mpaka kumi. Halikujaa.

Nikamwamsha. Akalalamika kwamba kichwa kinamuuma tangu jana, na kliniki yake ni Alhamisi, sasa mama mkubwa asubuhi yote hii tunakwenda wapi?

"Chukua kadi yako," nikamwambia. "Na kama kabati limefungwa, leo nimebeba nyundo."