Faili Tatu Zilizokosa Kuitika

Mtu akikuambia kompyuta haina mdomo, jua hajawahi kufanya kazi kwa Haresh, Kisii mjini, mwaka ule wa tisini na sita. Kompyuta ya Haresh ilitoa maneno Jumatatu asubuhi kabla watu hawajanywa chai. Nyakerario, mpiga taipu wake, aliiwasha kama kawaida, akageuka kutundika sweta lake nyuma ya mlango, na aliporudi kitini akakuta kioo cheusi tititi, katikati yake maandishi meupe ya Kiingereza.

Aliyasoma polepole, midomo ikicheza. Mfumo ulikuwa unatafuta faili ya kifaa fulani na hauioni. Faili hiyo imetajwa kwenye orodha, lakini haipo. Jina lake lilikuwa rundo la herufi lililoishia na tarakimu tatu ambazo hazikumwambia kitu. Mwisho kabisa, kwa adabu zote, ikasema: gonga kitufe chochote uendelee.

"Usiguse!"

Haresh alikuwa amesimama nyuma yake, funguo za duka bado mkononi. Duka hilo la uchapaji alilirithi kwa baba yake: kadi za harusi, mitihani ya shule, karatasi za harambee. Alikuwa mtu mwema, hilo Nyakerario angelisema popote, ila alikuwa na woga wa mtu anayefunga kufuli mbili halafu anarudi kutoka njiani kuja kuzitingisha.

"Jumamosi ilisema hivyo hivyo," Haresh alisema. "Wewe ulikuwa kanisani. Mimi nimewasha, imesema mara tatu. Kitu imetolewa ndani ya hii sanduku, Nyakerario. Na aliyefungua sanduku ni mtu mmoja tu."

Hakuhitaji kutaja jina. Alhamisi, Thadeus, fundi wa kompyuta kutoka Nyansiongo, alikuja na disketi kumi na tatu akaweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani, disketi moja baada ya nyingine, tangu asubuhi hadi mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati. Alifungua na sanduku kuongeza memori, kwa sababu mfumo mpya ulikuwa na tumbo kubwa. Wakati huo Haresh alikuwa ametoka kidogo kupokea karatasi kwenye lori. Huko kutoka kidogo ndiko kulikokuwa kunamtafuna sasa.

"Ijumaa saa sita alipita kuangalia mashine, akasahau mkoba wake. Jumamosi amekuja kuuchukua, nimeukalia," Haresh aliendelea. "Nimeambia kila duka hii mtaa wasimpe kazi. Leo saa nne anakuja. Akirudisha kitu yangu, sawa. Asiporudisha, mimi na yeye tunaenda polisi."

Nyakerario ndiye aliyemleta Thadeus hapo. Walifahamiana chuo cha taipu, yeye akijifunza, Thadeus akitengeneza mashine. Kijana wa watu alikuwa amerudi kutoka Nairobi na ujuzi wake, na duka baada ya duka lilikuwa linaanza kumwita. Mtaa wenye kompyuta Kisii ulikuwa huo huo mmoja. Jina likichafuka hapo, angelipeleka wapi likasafishwe?

"Mzee, niigonge?" aliuliza.

"Gonga. Lakini polepole."

Aligonga. Likaja onyo la pili, na jina jingine. Akagonga. La tatu. Akagonga tena, na mfumo mpya ukafunguka na rangi zake zote kama vile hapakuwa na shida yoyote duniani. Nyakerario alifungua mtihani wa hesabu wa darasa la saba, akachapa ukurasa mmoja. Ulitoka safi. Akajaribu disketi, ikasomeka. Akazungusha kipanya, kikatii.

"Kila kitu kinafanya kazi, Mzee. Sasa kilichoibwa ni nini?"

"Kitu ambacho bado hatujakihitaji," Haresh alijibu, tena kwa uhakika kiasi kwamba Nyakerario nusura acheke.

Hapo ndipo udadisi ulipomshika. Alivuta daftari lake la hati mkato, akazima kompyuta, akaiwasha, akaandika kila jina lilivyotokea. Akazima tena. Majina yakawa yale yale matatu, kwa mpangilio ule ule. Alirudia mara tano, na kila mara Haresh alikunja uso utafikiri ni yeye anayezimwa. Lilimshangaza jambo moja. Mashine ilikuwa inauliza, haijibiwi, inaendelea na kazi. Mtu aliyeibiwa kitu cha maana haridhiki kwa kugongewa kitufe chochote. Kama kitu hicho hakihitajiki, mbona kinatafutwa kila asubuhi? Na kama kinahitajika, mbona mtihani umechapika?

Shanta, mke wa Haresh, alishuka ghorofani na birika la chai ya tangawizi, akawakuta wote wawili wameinamia kioo.

"Mgonjwa ni mashine au ni nyinyi?" aliuliza, akaweka vikombe mbali na karatasi.

Saa nne kamili Thadeus aliingia. Hakuwa na kitu mkononi, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama la mtu aliyeitwa kwa chifu.

"Bwakire," alimsalimu Nyakerario, bila kungoja jibu. "Habari ya asubuhi, Mzee."

Haresh hakuitikia. Aliutoa mkoba chini ya kaunta, akachomoa bisibisi moja tu, akampa, akaurudisha mkoba alikoutoa. Nyakerario aliona haya kwa niaba ya wote.

Thadeus alifungua sanduku na kuonyesha kipande kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi: hiki cha kioo, hiki cha disketi, memori ya zamani hii, mpya hii. Haresh alifuata kwa kidole. Ghafla kidole kikasimama kwenye nafasi iliyokuwa tupu.

"Hii hapa! Hapa kulikuwa na kitu!"

"Kulikuwa na kadi ya faksi, Mzee. Radi ya Aprili iliiunguza."

"Iko kwenye droo," Shanta alisema akipuliza chai yake. "Ameifunga na uzi. Huyu hatupi kitu."

Haresh alifungua droo, akaikuta kadi na doa lake jeusi, akaifunga droo taratibu. Lakini hakurudi nyuma. "Basi kitu kingine," alisema.

Thadeus alifunika sanduku. Alikaa, akawasha, akalitazama onyo la kwanza. "Mashine ikiamka huwa inaita rejista," alisema. "Kama mwalimu. Mfumo wa zamani ulikuwa na rejista yake, na huu mpya nilipouweka juu yake, umeirithi bila kuuliza maswali. Sasa unaita majina matatu, hayaitiki."

"Alhamisi yaliitika?" Nyakerario aliuliza. Alikuwa amesogea bila kujua, daftari kifuani.

"Yaliitika. Na Ijumaa asubuhi ulipoiwasha?"

"Haikusema kitu."

"Basi yameondoka kati ya Ijumaa asubuhi na Jumamosi asubuhi."

"Na Ijumaa saa sita wewe ulikuwa hapa," Haresh alidakia.

"Nilikuwa hapa," Thadeus alikubali.

Alifungua hiyo rejista yenyewe, faili ndefu ya maandishi matupu ambayo Nyakerario hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuisoma. Mistari ilipanda juu, ikapanda, kisha ikatulia. Yale majina matatu yalikuwa hapo, na safari hii kila moja lilitanguliwa na mahali linapokaa. Yote matatu yalikaa kwenye folda moja. Zipline.

Nyakerario alilifunga daftari.

Kwao Ikonge, kwa mama yake Bitutu, Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua halizami kabla jivu halijatolewa mekoni, nguo hazijapigwa pasi na ua haujafagiwa. Sabato haikaribishwi kwenye uchafu. Nyakerario alikulia humo, na hata ofisini hakuweza kuondoka Ijumaa saa tisa hivi hivi. Alifagia, alifuta rafu, alisugua vitufe vya kibodi kwa pamba. Na tangu alipoizoea kompyuta, alifagia na huko ndani. Ijumaa hiyo alifagia kwa bidii zaidi, maana mfumo ulikuwa mpya, na aliona vibaya kuuacha na takataka za zamani. Ndipo alipokutana na Zipline, programu ya faksi. Faksi yenyewe ilikufa Aprili. Ya nini kuendelea kumtandikia marehemu kitanda? Akaifuta. Mfumo mpya ulikuwa hata na pipa lake la taka humo ndani, na alipoliona limejaa akalimwaga, kwa sababu pipa haliachwi na taka Sabato ikiingia. Alifika nyumbani siku hiyo na roho nyeupe kabisa.

"Naweza kuyamaliza haya maneno sasa hivi," Thadeus alikuwa anasema. "Ni mistari mitatu tu."

"Ukifanya hivyo yanaisha?"

"Yanaisha."

Haresh alishusha pumzi ndefu. Uso wake ulilegea. "Basi ni kusema umerudisha. Sawa. Fanya, chukua mkoba wako, polisi hatuendi. Lakini kazi kwangu tena, hapana. Na hii mtaa, hapana."

Nyakerario, aibu kusema, alihisi nafuu kwanza. Mambo yalikuwa yanakwisha yenyewe. Mashine itanyamaza, kiti chake kitabaki chake, na mwisho wa mwezi atapanda kwao na sukari na mkate. Kisha akamtazama Thadeus. Alikuwa ameondoa mikono yote miwili kwenye kibodi, ameiweka magotini, macho kwenye kioo, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayesali.

"Ni mimi," Nyakerario alisema.

Haresh aligeuka.

"Hakuna kilichoibwa, Mzee. Hizo faili zilikuwa za faksi iliyoungua. Nilizifuta Ijumaa nikisafisha, na pipa nikalimwaga. Thadeus hakugusa kitu." Aliliweka daftari mezani. "Kama ni mtu wa kuondoka, niondoke mimi."

"Ulifuta?"

"Nilifagia, Mzee. Ilikuwa Ijumaa."

Haresh alimwangalia, akaangalia kioo, akaangalia droo yenye kadi yake iliyofungwa uzi. Ilikuwa wazi kwamba hasira imekuja lakini haijui ikae kwa nani. Aliyeanza kusema ni Shanta, naye alianza kwa kicheko.

"Haresh, ile redio yako ndogo iko wapi?"

"Fundi wa redio ameiiba. Unajua hivyo. Tangu tisini na tatu simwamkii."

"Niliitupa kabla ya sikukuu ya Diwali. Nilikuwa nasafisha nyumba."

"Shanta!"

"Ilikuwa haisemi! Nikaona ukipiga kelele, nikanyamaza. Huyu msichana hata siku tatu hazijaisha, amesema."

Haresh alikaa juu ya bunda la karatasi. Alijishika kichwa, na hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akanyoosha mkono kuelekea kompyuta bila kuinua uso. "Malizeni," alisema.

Thadeus alisimama akampisha Nyakerario. "Andika wewe. Weka nukta mkato mwanzo wa kila mstari. Mashine ikiiona hapo, inaruka mstari mzima."

"Si tuifute tu hiyo mistari?"

"Wewe na kufuta!" Thadeus alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Ukifuta umefuta. Ukiiwekea alama, ukigundua umekosea unaitoa."

Nukta mkato ilikuwa chini ya kidole chake kidogo cha kulia, mahali pale pale walipofundishwa kukipumzisha siku ya kwanza chuoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiona ya maana sana. Aliiweka mara tatu, akahifadhi, akawasha upya. Wote wanne walingoja, na Haresh alikuwa amebana pumzi. Kioo kikawa cheusi, kikakaa, kikafunguka na rangi zake. Haikusema kitu.

Haresh aliinuka. Alitoa mkoba chini ya kaunta, akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati. Thadeus alinyoosha mkono kuupokea, lakini mzee akautia begani mwake mwenyewe.

"Twende," alisema. "Duka kwa duka. Wamesikia kwangu wewe mwizi, watasikia kwangu wewe si mwizi. Na tukifika kona, kwa yule wa redio pia." Akatoka, mkoba wa fundi ukimgonga nyongani, na wapakiaji ndizi ng'ambo ya barabara wakaacha kazi kumtazama.

Nyakerario alimfuata Thadeus hadi mlangoni. Walisema kwa Kigusii, kwa sauti ya chini.

"Ulijua?"

"Nilipoona Zipline. Ijumaa saa sita nilikukuta na pamba, unasugua vitufe. Na mimi mama yangu ni jirani wa Wasabato."

"Mbona hukusema?"

"Angeona nakusingizia ili nijiokoe. Tungepotea wote."

"Na kama ningenyamaza?"

Thadeus alitazama chini ya mtaa. Haresh alikuwa amefika mlango wa duka la kwanza, anamwita kwa mkono.

"Nilijiambia nihesabu mpaka kumi, halafu niondoke, nirudi Nyansiongo nikakamue ng'ombe za baba," alisema. "Uliposema 'ni mimi' nilikuwa kwenye tisa."

Akashuka ngazi mbili mbili kuufuata mkoba wake.