Kivuli cha Nyumba ya Bwana Ruckstuhl

Jumanne asubuhi Duri Cadonau alimaliza kusimamisha nguzo nane za mbao kwenye mteremko, juu kidogo ya nyumba ya shangazi yake. Ndiyo sheria ya huko milimani: kabla hujajenga, nguzo zionyeshe nyumba itafika wapi, na mwenye kinyongo ana siku ishirini za kulalamika. Duri ni msanifu majengo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bwana Ruckstuhl wa Zurich, ghorofa tatu za zege na vioo, zitakazoganda mlimani kama kupe.

Kufika saa sita, kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshalala kwenye kibaraza cha Shangazi Barla. Si kivuli cha nguzo, la. Cha nyumba nzima, na paa lake na dohani. Barla, mwenye miaka themanini na moja, ndiye aliyemlea Duri tangu anatambaa. Alikuwa kwenye benchi lake akifuma soksi. Novemba jua hufika hapo saa moja tu kwa siku, na bila saa hiyo mifupa yake haimalizi majira ya baridi. Akajivutia shali.

"Duri baba, nyumba yako imefika mapema."

Duri alitoa futi akapima. Kivuli kililingana na mchoro, hata sentimita haikuzidi. Kwanza aliona fahari, kisha akaona haya.

Barla alilalamika kwa maandishi. Wajumbe watatu wa kijiji wakaja, wakasimama kivulini, wakafunga vifungo vya makoti. Mwenyekiti Placi alieleza taratibu kwamba nyumba haipo, na kitu kisichokuwepo hakimzibii mtu jua. Ikishajengwa, kivuli kitakuwa cha zamani, na cha zamani hakilalamikiwi. Wakanywa supu ya shayiri ya Barla, wakaenda zao.

"Huyu Placi nimempangusa makamasi mimi," Barla alisema. "Leo ananifundisha jua."

Duri akarudi kwenye michoro. Aliitoboa sebule dirisha kubwa mbele na jingine nyuma, yakitazamana. Nguzo hakuzigusa. Kesho yake saa sita, katikati ya kivuli palikuwa na mraba wa jua, na benchi lilikuwa ndani yake. Barla alivua shali. Soksi ya kushoto ilikwisha kwa siku tatu, na Duri alikuwa akishuka kila mchana kukaa naye, roho yake kwatu.

Ijumaa ya wiki ya tatu Bwana Ruckstuhl alipanda kutoka mjini, akayasifu sana yale madirisha, akatia sahihi. Jumatatu, siku ishirini zikiwa zimetimia, kibali kikatoka. Mchana wa siku hiyo Duri alimkuta shangazi yake kajikunyata, sindano mapajani. Mraba haukuwepo. Kwenye kivuli, mbao za madirisha zilikuwa zimefungwa zote, juu mpaka chini, kama za nyumba nyingine kumi na nane za wageni wa likizo pale kijijini.

"Wamekwenda?" Duri aliuliza.

"Wamekwenda, mwanangu. Watarudi Februari, wiki mbili."

Barla alikunja soksi ya kulia, ambayo haikuwa na kisigino bado, akaingia ndani kuwasha jiko. Duri alibeba benchi, akamfuata.