Vidole Viwili vya Kifua

Jamani, usingizi wa mchana una mambo yake. Mwantumu, mbunifu wa mavazi wa bendi ya Waridi, analaza kichwa kwenye cherehani adhuhuri ya siku ya mashindano, dakika mbili tu, anasema, macho yapoe. Mkononi ana gauni la mdogo wake Shemsa. Shemsa huyu kaihama Waridi mwezi wa pili akaenda kuimbia Asumini, mahasimu wao wa tangu na tangu, halafu kaja kwa macho makavu: dada, nishonee wewe, mwingine simwamini. Mwantumu kamshonea. Ila kaiba upana wa vidole viwili kwenye kifua, kimoja mshono wa kulia, kimoja wa kushoto, ili jioni Shemsa akipanda sauti ya juu aitafute pumzi asiipate. Waridi hawakumtuma. Ni roho yake mwenyewe.

Sindano inashuka, naye anashuka nayo, anapenya tundu la mshono na kutokea kwenye barabara ya kitambaa cha zambarau, kile kile cha gauni, upana wake vidole viwili, urefu wake hauna mwisho. Kulia kuna mji wa Waridi, kushoto mji wa Asumini, dirisha kwa dirisha, mlango kwa mlango, ukiinua mkono huku, mkono unainuka kule. Bendi mbili zinapiga wimbo mmoja, kila moja inamsuta mwenzake kwa maneno yale yale. Na waimbaji hawana nyuso, yarabi, ngozi tupu kutoka nywele mpaka kidevu. Mwantumu anataka kupiga kelele, anajikaza. Mmoja anamjia, futikamba ya kupimia nguo shingoni. Shikamoo, anasema Mwantumu, maana hata hofu hiyo haijamtoa adabu, namtafuta mdogo wangu. Marahaba, anajibu yule asiye na kinywa, yuko mwisho wa ulichomnyang'anya. Mwisho huo uko wapi? Mbele, kadiri unavyotembea. Mnanichezea nyie! Sisi tunapima tu, mwanangu. Basi anatembea, afanyeje, na kila hatua anasikia mbele mtu anahema juu juu, na anaijua hiyo pumzi, wamelala kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Anakimbia. Kadiri anavyokimbia pumzi inazidi kuwa fupi, miji inabadilishana mabango, Waridi kushoto, Asumini kulia, na yeye hajui tena anakimbilia upande wa nani. Mara anamwona Shemsa, midomo imeingia rangi ya majivu. Dada, simama. Nakuja! Usije, dada, kila ukikanyaga gauni linanibana. Mwantumu anatazama chini, moyo unampasuka: barabara inatoka kwenye mishono ya kifua cha Shemsa, inavutika kwa kila hatua yake. Anakaa papo hapo. Mkasi hana, anaifumua kwa meno, uzi wa kwanza, wa pili, na nyuma yake yule asiye na uso anaushona upya, bila haraka. Nilikuonea wivu, Mwantumu analia, na neno hilo hajawahi kulisema hata akiwa peke yake. Nilitaka unyamaze. Uzi unakatika.

Anazinduka. Cherehani ipo, feni ipo, mate shavuni. Alhamdulillahi. Lakini gauni mkononi hamna. Shemsa kasimama karibu na mlango, kalivaa tayari, kampa mgongo, na nje gari la bendi linapiga honi. Nimekukuta umelala, dada, nikalivaa mwenyewe, limenikaa vizuri. Anayasema hayo kwa pumzi fupi fupi. Livue nilirekebishe. Muda hakuna, wananisubiri. Shemsa, nimelibana kusudi. Geuka basi nikuone uso. Hageuki. Mwantumu anauchukua mkasi kando ya cherehani. Kama bado ni ndoto, gauni ni la ndoto. Kama siyo, Asumini watapanda jukwaani na mwimbaji aliyejifunga kanga, na hakuna atakayemletea tena kitambaa katika mji huu. Na iwe. Anakata kutoka kwapani mpaka kiunoni, kulia, kisha kushoto, na anaisikia pumzi ikiingia kifuani mwa mdogo wake, ndefu, mpaka chini. Sasa geuka, mdogo wangu, nakuomba. Na Shemsa, taratibu, anaanza kugeuka.