Waya wa Kijani

Tangu tumzike mke wangu Wilhelmina, kila Jumamosi asubuhi nilikuwa naisikia stilwaya ya kusugulia ikikwaruza jiko. Naingia jikoni, hakuna mtu. Jiko la umeme limesimama pale na plati zake nne, sakafu kavu, nami naogopa kuvuka kizingiti, mwanaume mzima, fundi umeme wa kiwanda cha pamba.

Jiko hilo nililinunua mtumba Mwanza, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi na sisi mafundi tukaanza kujiona watu. Wilhelmina alilipenda kuliko alivyonipenda mimi. Kila Jumamosi alivua ndala, akamwaga maji ya sabuni, akasugua mpaka ndani ya oveni.

Asubuhi aliyokufa, jirani yetu, bibi Nyanjige, alikuja na kigae chake kuomba moto, kama alivyozoea tulipokuwa tunapikia kuni. Wilhelmina akacheka. "Mayu, mama yangu, jiko hili halina kaa hata moja." Bibi akaondoka akinung'unika. Saa moja baadaye nilimkuta mke wangu amelala sakafuni, kitambaa kibichi mkononi.

Mtaa mzima ukaamua: bibi kanyimwa moto, kaua kwa uchawi. Nikanyamaza. Wilhelmina aliwahi kuniambia jiko linamchoma vidole, kama vile anang'atwa na siafu. Nikamjibu avae ndala. Hilo nalo sikumwambia mtu, na kunyamaza kwangu kulinitia aibu.

Ijumaa moja Salu, kaka wa marehemu, alituma ujumbe kutoka kijijini Sapiwi: kesho anakuja na nduguze, na Nyanjige hataiona jioni.

Kesho yake asubuhi stilwaya ikakwaruza tena. Nikashindwa kuvumilia. Nikakata umeme, nikalivuta jiko kutoka ukutani, nikafungua bati la nyuma nilisafishe mwenyewe, labda Wilhelmina angepumzika. Nikapangusa mafuta yaliyoganda. Koili ya plati moja ilikuwa imechubuka, inagusa bati na kulipitishia umeme. Chini yake ulilala waya wa ethi, ule wa kijani unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Haukufungwa popote. Ncha yake ilizungushiwa teipu nyeusi, na aliyeizungusha ni mimi. Nyumba haikuwa na ethi, nami nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mke wangu chai ikichemka.

Salu alipofika na wenzake watatu, fimbo mikononi, nikamweleza yote. Akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, kile kizee kimekushika na wewe. Hayo siyo maneno yako."

Nikawasha umeme, nikamwaga maji sakafuni, nikavua viatu, nikachovya kitambaa. Mkono ulikuwa karibu kugusa bati Salu aliponidaka kiunoni, tukaanguka wote wawili.

"Utakufa!"

"Nitauawa na nani? Nyanjige yuko kwake."

Salu akalitazama jiko, kisha akanigeukia, na ile huruma ikamtoka usoni. Akawaambia nduguze watoke nje, bibi wa watu wasimguse. Tulipobaki wawili akauliza polepole, "Kwa hiyo aliyemuua dada yangu ni wewe?"

Nilikuwa nimekaa kwenye maji, pale pale nilipomkuta amelala.

"Ni mimi," nikasema.